Mfupa Shingoni mwa Ndindi

Kitui,
Mei 25, 1981

Kwa mwalimu wa darasa la Ndindi,

Salamu nyingi kutoka huku. Hatujuani. Mimi ni Mbeti, mama yake Ndindi Kimeu, yule msichana wa miaka mitano mwenye kovu dogo juu ya jicho. Mimi ni muuguzi, na tangu Januari nimehamishiwa huku Kitui. Mume wangu Kimeu ni karani mjini, kwa hivyo alibaki na mtoto hapo Buruburu ili asikose shule. Nimesikia kwamba mwalimu wa zamani aliondoka na wewe umeingia muhula huu. Ndiyo maana nakuandikia wewe, sio Madam mwenye shule.

Mwalimu, mtoto wangu haongei.

Alipokuja likizo ya Aprili hakufungua mdomo wiki nzima. Si kwa Kiswahili, si kwa Kikamba. Nyanya yake akimwita, anamtazama tu. Akitaka maji anaenda kusimama kando ya mtungi. Akiumwa anashika mahali panapouma. Na huyu ni mtoto ambaye Desemba alikuwa anaongea na kuku, anaongea na sufuria, anajiuliza maswali na kujijibu mwenyewe.

Nimempeleka kwa daktari wa huku. Masikio ni mazima, ulimi hauna kasoro. Kimeu anasema mtoto amepata adabu ya mjini na niache kujitafutia ugonjwa. Lakini mimi nimeshika watoto wengi mikononi, na huyu sio mtoto aliyepata adabu. Kuna kitu kimemfunga.

Nakuomba umwangalie kwa jicho la mzazi, kisha uniambie ukweli hata kama ni mbaya.

Mama Ndindi


Buruburu,
Juni 6, 1981

Mama Ndindi,

Nimeipata barua yako, na asante kwa kuniandikia. Jina langu ni Khavere Andati, mzaliwa wa Kakamega. Ninakaa Baba Dogo kwa kaka yangu Patrobas, anayefanya kazi kiwandani, na kila asubuhi ninakuja huku kufundisha.

Ni kweli Ndindi haongei. Si yeye tu, ila yeye amezidi wote. Darasa nililolikuta limenyamaza kama chumba cha maiti. Watoto wa miaka mitano wanaketi kidole mdomoni tangu asubuhi. Amri ya Madam ni Kiingereza tu, na kwa kuwa bado hawakijui, hawasemi kitu. Wananiamkia kwa sauti moja kama kasuku, kisha basi.

Umetaka ukweli, nami nitakuambia hata linalotia kinyaa. Ndindi hujikojolea palepale anapoketi. Hajui kuomba ruhusa kwa Kiingereza, na kwa lugha nyingine hathubutu. Nilikuta mkojo ukimkaukia kwenye gauni, wenzake wamebana pua na kusogeza viti. Nilipomuuliza msaidizi wa Madam kwa nini hajambadilisha, alinijibu huku anakunywa chai: "Mwache. Harufu itamfundisha." Sasa ninampeleka chooni mimi mwenyewe, bila kungoja aombe.

Kuna jambo nimeanza. Madam akienda mjini ninawatoa nje, nyuma ya jengo kwenye tangi la maji, tunacheza michezo tuliyokua nayo sisi. Tumeanza na nyama nyama. Mmoja anasimama mbele anataja nyama ya mnyama. Kama analiwa, wote wanaruka na kuitikia. Kama haliwi, atakayeruka anatoka. Ungewasikia! Watoto walewale wasioweza kutamka rangi tatu za Madam wanataja kwale, kongoni, fisi, chura. Wakibishana kama sungura analiwa, wanabishana kwa maneno kamili, na sababu, na mjomba wa fulani analetwa kama shahidi. Hared, mtoto wa mwenye duka, aliniambia, "Ticha, wewe hujakula ngamia ndio maana unatuonea. Ngamia ni tamu kushinda ng'ombe yako!" Mwezi mzima sikuwa nimesikia sauti ya mtoto huyo.

Ndindi haitikii. Lakini kwa mbuzi aliruka, na kwa fisi alibaki chini. Kwa paka pia alibaki chini, wakati nusu ya wenzake walidanganyika wakaruka. Anasikia kila neno, Mama Ndindi. Anayo maneno. Kitu kinachomzuia kuyatoa ndicho sijakijua.

Mwalimu Khavere


Kitui,
Juni 17, 1981

Mwalimu Khavere,

Barua yako niliisoma wakati wa chakula nikaisukuma sahani.

Nyama ya fisi? Nyama ya paka? Hiyo ndiyo dawa ya mtoto asiyeongea? Kimeu amenipigia simu wodini, anasema mwalimu mpya anawarukisha watoto vumbini kama vyura na wanarudi nyumbani soksi nyekundu. Nilimtetea mtu nisiyemjua. Sasa naona alisema kweli. Michezo ya nyuma ya zizi Ndindi angeipata kwa nyanya yake bila kupelekwa Nairobi.

Nikwambie kwa nini nilichagua shule hiyo. Nilipoitwa kuhojiwa kwa kazi ya uuguzi, bwana mmoja mezani alirudia maneno yangu kwa sauti ya puani, na wenzake wakacheka mpaka wakapangusa macho. Kiingereza changu kilikuwa kimejaa Kikamba. Nilisimama pale nimeshika cheti changu, nikameza mate, nikaapa kwamba mtoto wangu hatachekwa hivyo na mtu yeyote.

Halafu unaniambia aliachwa kwenye mkojo wake, na mtu mzima anakunywa chai! Huku hata mgonjwa asiyejitambua hatumwachi hivyo. Nyinyi ni walimu wa namna gani? Mnanichefua wote, wewe na huyo msaidizi.

Koma na hiyo michezo. Mfundishe mtoto wangu kusema.

Mbeti Kimeu


Buruburu,
Juni 28, 1981

Mama Ndindi,

Umenikaripia na nimekubali. Mzazi ana haki. Lakini soma hadi mwisho, na usisome ukiwa unakula.

Nyuma ya mlango wa ofisi ya Madam kuna kitu kilichoning'inia msumarini. Tangu nije nilidhani ni cha mbwa wa mlinzi. Ni mfupa wa goti la ng'ombe, mkubwa kama ngumi yangu, umetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Haukuchemshwa. Kuna nyama iliyokaukia pembeni ikawa nyeusi, na kamba yenyewe imekuwa ngumu kwa jasho na makamasi ya watoto.

Jumanne Hared alimwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Nipe rangi yangu." Madam alikuwa anapita. Aliingia ofisini akatoka na mfupa ule, akamvika shingoni. Darasa lote liliangalia chini kwa pamoja, na hapo nikajua hawauoni mara ya kwanza. Mtoto anauvaa mpaka amsikie mwingine akisema Kiswahili au lugha ya kwao, amshtaki, ndipo autoe amvishe huyo. Wanakula nao. Wanalala nao saa ya kulala. Inzi walikuwa wanatambaa kutoka kwenye mfupa hadi mdomoni mwa Hared. Kwenye tundu la mfupa niliona funza mweupe anajikunja. Mtoto akatapika. Madam akamvua sweta akamwambia apanguse nalo matapishi yake, kisha alivae.

Nilimuuliza, "Madam, huyu ni mtoto au ni mbwa?" Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mjinga, "Mwalimu, hilo lilipitishwa na wazazi kwenye mkutano wa Februari. Tena walipiga makofi."

Baadaye Anyango, yule mdogo anayeketi karibu na Ndindi, alininong'oneza: "Ndindi ndiye alikaa nao sana. Hakutaka kushtaki mtu." Nikaelewa. Wengine waliutoa kwa kuwasaliti wenzao. Ndindi alikaa kimya hadi Madam mwenyewe akachoka.

Mama Ndindi, nakuuliza kama mama: ulikuwa kwenye ule mkutano? Ulipiga makofi? Niambie wazi, nijue ninayemwandikia ni nani.

Kuhusu michezo, sikukoma. Juzi tulicheza brikicho. Anayetafuta anafunga macho anaita, na waliojificha wanamjibu "Bado!" kutoka huko waliko. Nilichagua mchezo huu makusudi, kwa sababu mtoto anayeogopa kuonekana akisema anaweza kusema akiwa hajaonekana. Mara ya kwanza na ya pili wote walijibu, yeye hapana. Mara ya tatu Hared aliita, na nyuma ya tangi ikatoka sauti nyembamba, yenye kutu: "Bado."

Nilikuwa nimesimama karibu. Sikumtazama. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Khavere


Kitui,
Julai 4, 1981

Mwalimu,

Nimetapika. Mimi ninayesafisha vidonda kila siku, nimetapika kwa ajili ya karatasi.

Sikuwa kwenye huo mkutano. Februari nilikuwa tayari huku. Aliyekwenda ni Kimeu. Nilimpigia ofisini. Kwanza alisema, "Mfupa gani?" Nikamwambia mfupa gani. Akasema ni adhabu ndogo tu, shule zote nzuri zinayo, kwamba hata yeye alivishwa kibao shuleni na leo ana kazi ya mezani. Nikamuuliza kama alijua Ndindi aliuvaa. Akasema hakujua, mambo ya darasani ni ya walimu, yeye alisikia tu jambo likisemwa mkutanoni. Aliapa. Nimeamua kumwamini, maana nisipomwamini sitalala.

Nisamehe maneno yangu. Usikome na michezo, nakuomba. Sisi huku tulikuwa na mmoja wa kuficha kijiwe: watoto wanakaa mstari, mikono nyuma, mmoja anapita akimtia mwenzake kijiwe kiganjani, na anayetafuta lazima awaulize maswali hadi mwenye nacho ajisaliti kwa sauti. Ndindi aliupenda. Alikuwa hawezi kuficha, anacheka kabla ya kuulizwa.

Alisema nini tena baada ya "bado"?

Mbeti


Baba Dogo,
Agosti 2, 1981

Dada Mbeti,

Utaona anwani imebadilika. Siko tena Buruburu. Nikueleze.

Baada ya "bado" alisema "hapa". Baada ya hapo, kwenye kijiwe chako, alimwambia Anyango, "Wewe ndio unacho, mkono wako una jasho." Sentensi nzima! Kwa kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama, alikuwa mama, na alimgombeza Hared kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Ilikuwa nyuma ya tangi tu. Akiingia darasani anafunga mdomo. Lakini nilikuwa nimetulia, nikijua njia imefunguka.

Kisha Madam akatuona kutoka dirishani.

Nilidhani atanifukuza. La. Alisimama akatazama, akatabasamu. Alikuwa anamngoja mgeni wa heshima kwa siku ya wazazi, mtu aliyesifika kwa kupenda mambo ya utamaduni. Kesho yake alinipokonya michezo. Aliiandika kwa Kiingereza, akawapanga watoto mistari miwili, akasimama na fimbo. Ile nyama nyama ikawa shairi la kukariri. Hakuna wa kubuni mnyama, wanyama wamepangwa saba, basi. Anayeruka kabla ya ishara anachapwa mguuni. Hared alipotaja ngamia, ambaye hakuwa kwenye mpango, alivishwa mfupa mchana kutwa. Wazia: mtoto anaimba juu ya nyama huku nyama iliyooza iko kifuani mwake.

Siku yenyewe watoto waliletwa na marinda mekundu na vitambaa vya kitenge. Madam alisimama mbele ya wazazi akasema shule yake imegundua kwamba michezo ya jadi hukuza usemi wa mtoto. Alisema hivyo, dada, maneno niliyomwambia mimi mwenyewe nikimsihi auondoe mfupa! Mgeni akaitikia kwa kichwa, amefurahi. Watoto wakaruka wakatua kama askari. Macho yao yalikuwa ya samaki wa sokoni. Na wazazi wakapiga makofi. Mumeo alikuwa mstari wa mbele, alisimama akipiga.

Wakafika brikicho. Madam alimchagua Ndindi ajibu, kwa sababu alikuwa amesikia sauti yake nyuma ya tangi akaona ni nzuri. Mtoto akasimamishwa juu ya meza, watu wote wanamtazama, ajibu kwa Kiingereza. Akafunga mdomo mpaka midomo ikawa myeupe. Madam akiwa bado anatabasamu kwa wageni alipitisha mkono nyuma akamfinya. Niliona kucha zikizama. Mkojo ukateremka mezani, ukadondoka kwenye viatu vya mgeni, na watu wakacheka.

Mbeti, sijui niliruka viti vingapi. Nilimchukua mtoto kifuani, umajimaji wote huo, nikatoka naye. Nilimsafisha, nikambadilisha, nikamkabidhi kwa babake. Alimpokea kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa kifurushi kinachovuja. "Ametuaibisha," aliniambia. Basi hivyo tu.

Nilirudi ofisini, nikautoa mfupa msumarini, nikaubeba mbele ya wageni wakiwa wanakula keki, nikautupa kwenye pipa la taka. Kazi yangu iliisha hapo hapo. Nilisugua mikono kwa sabuni ya kufulia mara nyingi na bado naisikia ile harufu.

Sasa kanisa letu huku Baba Dogo limenipa ukumbi wake siku za juma. Nina watoto kumi na wawili wa wafanyakazi wa viwandani. Hakuna viti, na ukuta una moshi. Lakini kelele zao zinasikika hadi barabarani.

Njoo umchukue mtoto wako.

Khavere


Kitui,
Agosti 6, 1981

Khavere,

Nimeomba likizo yangu yote. Jumamosi niko hapo. Nitakuwa nikimleta Ndindi kwako kila asubuhi mimi mwenyewe, mpaka likizo iishe. Kimeu nimemwambia asiseme neno, na kwa mara ya kwanza amenisikia.

Mbeti


Kitui,
Septemba 20, 1981

Ndugu yangu Khavere,

Tumefika salama. Mama yangu anakusalimu na anasema umtumie ule mchezo wa kuiga sauti za mafundi, maana Ndindi amemchosha kwa kumwigia kinyozi na hawezi kukisia.

Zile wiki za ukumbini kwako sitazisahau. Nilikuja nikidhani nitaketi pembeni nitazame. Ukaniingiza kwenye duara nikawa naruka na watu wa miaka mitano, mimi na gauni langu la heshima. Nilipokosea kwa kurukia punda, Ndindi alinishika mkono akaniambia mbele ya wote, "Mama, toka, umekula punda." Ulicheka. Mimi nilienda nje nikalia.

Lakini nakuandikia jambo ulilolikosa, lililotokea Jumapili kabla ya sisi kuondoka.

Kimeu alikuwa amewaalika jirani wetu Matheka na mkewe baada ya kanisa. Ndindi alikuwa anaongea kwa furaha, anamweleza mama Matheka habari za Hared na ngamia wake. Kimeu akatanua miguu kwenye kochi akasema, "Mnaona? Watu waliilaumu ile shule. Ni nidhamu yake ndiyo inazaa matunda sasa."

Nilifungua mdomo nimjibu. Ndindi alikuwa ameacha kuongea. Nikafikiri, Mungu wangu, amefunga tena. Alienda akasimama mbele ya babake, mikono nyuma, akasema kwa Kikamba, polepole, kila neno mahali pake:

"Baba, wewe ndiye uliuleta."

"Nilileta nini?"

"Mfupa. Tulienda kwa bucha asubuhi, mimi na wewe. Akaufunga kwa gazeti. Damu ikatoka kwa gazeti ikaingia kwa koti lako ukakasirika. Tukafika shule ukampa Madam. Madam akasema asante, na wewe ukacheka."

Kimeu alitazama wageni. "Mtoto anaota huyu."

"Siku hiyo hiyo nikauvaa," akasema Ndindi.

Mke wa Matheka aliweka kikombe chini. Mimi nilipiga magoti nikamuuliza mtoto kwa nini hakuniambia, ile wiki nzima ya Aprili, hata huku Kitui ambako hakuna Madam. Akanishangaa, kama vile nimeuliza jambo linalojulikana.

"Nilifikiri nikiongea nyumbani, baba ataenda kuchukua mfupa mwingine."

Khavere, nilimtazama mume wangu. Alikuwa anapangusa koti lake, hapo kifuani, ingawa halikuwa na kitu. Alianza kusema kwamba Madam ndiye aliyemwomba, kwamba yeye ni mwanakamati wa shule na bucha iko njiani, kwamba hakuwaza mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo aliwaza wa wengine. Aliwaza Hared, aliwaza Anyango, na kwao haikuwa kitu! Mtu ninayelala naye alisimama mbele ya nyama mbichi akachagua mfupa wa kutosha shingo ya mtoto. Mkono wake uliponigusa bega niliuona kama kitu kilichotoka kwenye lile gazeti. Wageni waliaga bila kumaliza chai. Tuliondoka kesho yake.

Ndindi ataanza shule huku. Mwalimu wake ni mama mnene anayefundisha kwa Kikamba hadi darasa la tatu, na Kiingereza anakiingiza kidogokidogo. Nilimweleza kila kitu. Amesema anakuja huko Desemba kukutazama ukifundisha.

Kimeu ameniandikia wiki hii. Barua nzuri, imepigwa chapa ofisini, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja. Anasema amekosea, anaomba nimweleze Ndindi kwamba babake anajuta. Niliisoma mara moja nikairudisha kwenye bahasha yake na kumrudishia, nyuma nimeandika kwamba mtoto anaelewa Kikamba na Kiswahili, na kwamba basi la Kitui huondoka Nairobi kila asubuhi. Aje aketi mbele yake amwambie kwa mdomo wake.

Hajaja. Ndindi hajamuuliza. Sasa hivi yuko nje na watoto wa jirani, wanagombana ni nani awe mganga na nani awe mgonjwa, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Ndugu yako,
Mbeti